Safu ya Maoni

Nilistaafu ualimu nikiwa na afya yangu, nikamshukuru Mungu, nikarudi kwenye kibaraza changu huku Gongo la Mboto kusoma Kurani kwa utulivu ambao miaka yote ya kazi sikuupata. Miaka sita nilikaa hivyo. Mwaka wa saba akaja kijana mmoja. Namwita kijana, ingawa kidevu chake kina mvi, kwa sababu nilimfundisha darasa la kwanza Temeke, mtoto wa karani aliyehamishwa kutoka bara. Sasa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ndogo ya binafsi, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

"Mawazo hayo, Mama."

"Mawazo hukondesha."

"Ya kwangu yananenepesha."

Akanieleza shida yake. Mwalimu wake wa darasa la kwanza alikuwa mjamzito, na daktari alimwamuru alale kitandani mpaka ajifungue. Shule inafunguliwa baada ya wiki moja. Alinitaka muhula mmoja tu, Januari mpaka Juni. Nikamwomba siku mbili nisali. Nikasali, moyo ukatulia, nikakubali. Nayaandika haya mwanzoni ili msomaji ajue kwamba sikuburutwa na mtu. Niliingia kwa miguu yangu.

Chumba cha darasa la kwanza kilikuwa cha mwisho kwenye uwanja. Dirisha lilikuwepo, ila jirani alikuwa amejenga ukuta hatua mbili kutoka hapo, kwa hiyo tulichokiona nje ni matofali na mstari mwembamba wa mwanga kwa juu. Tulitenganishwa na darasa la pili kwa mbao nyembamba. Wao wakiimba jedwali la kuzidisha, wa kwangu walipoteza hesabu ya kujumlisha. Watoto walikuwa arobaini na mmoja, na feni moja iliyozunguka polepole kama inayofikiria.

Kabla ya kufungua shule tulikaa ofisini kuandaa maazimio ya kazi. Asiyekuwa mwalimu na aelewe kwamba azimio ni daftari lenye majedwali, linalopanga mada zote za muhula wiki kwa wiki. Wiki ya kwanza na ya pili, irabu. Kisha silabi, kisha maneno, kisha sentensi fupi. Upande wa Afya na Mazingira kuna usafi wa mwili, kunawa mikono, mazingira ya shule. Kila mstari una mada, vipindi, zana, rejea, na mwisho kabisa upande wa kulia kuna safu nyembamba iitwayo Maoni. Hapo ndipo mwalimu huandika, baada ya kufundisha, kama watoto wameelewa au la.

Nilijaza mstari baada ya mstari kwa mwandiko wangu wa zamani, nikaiacha ile safu ya mwisho tupu. Mwalimu mkuu akapita nyuma yangu.

"Malizia, Mama. Wathibiti ubora wameanza kuzunguka huku kwetu kukagua madaftari."

"Nimemaliza."

"Bado Maoni."

"Nitoe maoni juu ya mambo ambayo hayajatokea?"

Mwalimu wa darasa la pili, binti mcheshi ambaye hata shule ya msingi alisoma mimi nikiwa karibu kustaafu, akacheka mpaka akashika meza. "Bibi, sie wote tunafanyaga hivi. Andika 'Mada imefundishwa, wanafunzi wameelewa.' Basi. Ukisema usubiri kila wiki, iko wiki utasahau, na wale watu wana bahati mbaya na sie, wakifungua daftari wanaangukia hiyo hiyo."

"Na wakifungua Januari wakakuta Juni imeshaeleweka?"

"Hawafiki Juni. Ona." Akachukua azimio lake mwenyewe, akazikusanya kurasa za wiki zijazo, akazibana kwa kibanio kikubwa cheusi cha karatasi. "Kila Jumatatu unaachia ukurasa mmoja. Mambo yanakuja yenyewe, Bibi, tena yamesainiwa."

Nilichelewa kuandika, lakini niliandika. Sitasingizia kwamba nililazimishwa. Mkono ulikuwa umechoka, kijana wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na wasiwasi wake, na nilikuwa mgeni ofisini pale. Mbele ya kila mstari nilisema inshallah kimoyomoyo, nikadhani neno hilo limenisafisha. Lakini kalamu haikuandika inshallah. Kalamu iliandika wameelewa.

Nilidhani nimejaza fomu. Kumbe nilikuwa nimejenga nyumba na kujifungia ndani.

Kila Jumatatu asubuhi niliachia ukurasa mmoja wa kibanio na kukuta wiki yangu imeshapita. Kama watoto walihitaji siku mbili zaidi kwenye silabi za b, hapakuwa na siku hizo, kwa kuwa Alhamisi yao ilikuwa imeshaelewa silabi za d. Nilipotaka kurudi nyuma nilikuta mwandiko wangu umesimama mlangoni. Mwandiko wa mtu mwingine ningeubishia. Huu ulikuwa wangu, mzuri, wenye mikia iliyonyooka, wa mwalimu wa miaka mingi.

Mwezi wa tatu masika yakaanza kwa nguvu. Jumatano moja mada ya Afya na Mazingira ilikuwa kutembelea mazingira ya shule, watoto watoke nje waangalie miti, wadudu na takataka. Kufika saa tatu maji yalikuwa yamezunguka jengo lote. Uwanja haukuonekana. Mwalimu mkuu akaagiza milango ifungwe, mtoto yeyote asitoke mpaka mzazi afike kumchukua mwenyewe. Tukakaa ndani, arobaini na mmoja na mimi, ukuta wa jirani ukitiririka maji dirishani.

"Bibi, tunaenda lini kuangalia wadudu?" aliuliza mmoja.

"Wadudu wamekuja wenyewe," akajibu binti aliyekaa chini ya dirisha, akionyesha jongoo aliyekuwa anapanda mguu wa meza yangu. Darasa zima likapasuka kwa kicheko.

Huyo binti ndiye ninayemwandikia kurasa hizi. Alikuwa mdogo kuliko wenzake, mwenye pengo la meno mawili mbele, na maneno yake yalitoka na upepo. Walikaa ng'ambo ya mto, yeye, mama yake mshonaji na mdogo wake wa kiume aliyekuwa darasa la awali shuleni hapo hapo. Alijua hadithi kuliko mtoto yeyote. Siku ile ya maji ni yeye aliyetushikilia mpaka jioni: alisimulia, wenzake wakaitikia, aliposahau akabuni. Mimi niliswali adhuhuri kwenye pembe ya darasa, na baadaye alasiri, na nilipotoa salamu ya mwisho jicho langu likaangukia azimio lililokuwa wazi mezani. Safu ya Maoni ilisema: Wanafunzi wametembelea mazingira ya shule na wamefurahi.

Nikacheka peke yangu. Kisha sikucheka.

Baada ya siku ile mto ulikata njia, na watoto wa ng'ambo hawakuonekana kwa wiki tatu. Nikawachorea duara jekundu kwenye daftari la mahudhurio kila asubuhi. Wiki hizo tatu ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya silabi. Waliporudi, darasa lilikuwa limeshafika kwenye maneno. Wengine walikuwa na kaka au baba wa kuwafundisha nyumbani. Yule binti hakuwa naye, lakini alikuwa na akili ya kujificha. Tuliposoma kwa pamoja ubaoni aliangalia mdomo wa mwenzake wa pembeni, akafuata nusu hatua nyuma, kwa sauti kubwa kuliko wote. Niliuona ule mchezo. Nilijiambia nitamkalisha pembeni wiki ijayo. Kila wiki ijayo ilipokuja, ilikuja imejazwa.

Juni tukawapa mtihani wa kusoma, mtoto mmoja mmoja mbele ya meza. Ilipofika zamu yake hapakuwa na mdomo wa kuangalia. Aliikodolea karatasi, kisha akaanza kunisimulia hadithi ya sungura, akipitisha kidole chini ya maneno kana kwamba anaisoma humo.

Shule ilikuwa na utaratibu wake: mtoto asiyesoma kabisa mwisho wa muhula wa kwanza anarudishwa awali. Mama yake akaitwa. Alikuja na sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mwanangu hana kichwa kibovu, Mwalimu," alimwambia mwalimu mkuu. "Mie namjua. Nikimtuma dukani vitu vinane haandikiwi, na hasahau hata kimoja."

"Hatujasema kichwa kibovu, mama. Tunasema hajawa tayari."

"Sasa mkimrudisha awali si atakaa dawati moja na mdogo wake? Mtoto wa kwanza akae na wa pili? Watamcheka mtaa mzima."

Mwalimu mkuu alikuwa mpole. Alilivuta azimio langu, akalifungua kwenye kurasa za Machi, akalizungushia upande wake. "Angalia mwenyewe. Silabi za wiki hii, zimefundishwa, wanafunzi wameelewa. Wiki hii, wameelewa. Hii nayo. Na huyu si mwalimu wa jana, mimi mwenyewe ndiye aliyenifundisha kusoma. Kwa hiyo unaona, mama, kwenye ufundishaji hakuna tatizo."

Mama yule aliinama akasoma mistari yangu taratibu, mmoja mmoja. Kisha akaniangalia.

"Kama Bibi ndiye kaandika, basi," alisema. "Siwezi kubishana na Bibi. Mtu wa sala."

Nami nikanyamaza. Nimeomba msamaha kwa Mola wangu kwa mengi maishani, lakini ukimya ule naukumbuka kwa urefu wake. Ungeweza kunywea kikombe cha chai ndani yake. Kijana wangu alikuwa ananisifu, mzazi alikuwa ananiheshimu, na kila sifa ilikuwa komeo jingine mlangoni. Mama akatia saini. Shule itakapofunguliwa Julai, mtoto ataanza awali.

Nikarudi nyumbani. Nilipotandaza mswala kwa alasiri, aliyenijia akilini si mwalimu mkuu wala yule mama, bali mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, Temeke, Mungu amrehemu. Tulikaa kwenye mkeka, watoto thelathini, kila mmoja na juzuu yake na mahali pake. Mmoja yuko kwenye alifu, mwingine anamaliza sura, na hakuna aliyejua wiki ni ya ngapi. Ulikwenda mbele yake ukasoma. Maneno yake yalikuwa mawili tu, rudia na vuka. Mimi nilikaa kwenye ukurasa mmoja tangu mfungo mosi mpaka mfungo tatu, miezi mitatu mizima, na hakuna aliyeniita mjinga, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwamba nimeshavuka. Leo nina miaka yangu hii na ukurasa ule nausoma gizani bila kujikwaa. Nilijifunza hivyo, kisha nikamfanyia mtoto wa mwenzangu kinyume chake.

Asubuhi yake nilikwenda shuleni na kuchukua madaftari mawili, azimio na mahudhurio. Nikayaweka wazi mbele ya mwalimu mkuu, Machi kwa Machi.

"Soma hapa," nilimwambia. "Na hapa."

Akasoma. Upande mmoja, wanafunzi wameelewa. Upande wa pili, mbele ya jina la yule binti, maduara mekundu kumi na tano yamejipanga. Mwandiko mmoja, kalamu mbili.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hili tulimalize hapa hapa. Tutasema mtoto aliugua, tumpe nafasi. Azimio tuliache lilivyo."

"Hakuugua. Alizuiwa na maji, na mimi nikaandika ameelewa."

"Ukikata hapo, wenzako watafanyaje? Wote wamejaza. Mimi mwenyewe nimesaini kila ukurasa."

"Sikati ya wenzangu. Nakata yangu."

Mwalimu wa darasa la pili alikuwa anachambua chaki kwenye kona. "Bibi, we mchamungu utatufukuzisha kazi wote," alisema, lakini safari hii hakucheka.

Nilikata kwa rula, mstari baada ya mstari, ukweli ukakaa juu kwa herufi ndogo: haikufundishwa ipasavyo, watoto tisa hawakuwepo, hatukutoka nje, mvua. Nikatia saini kila nilipokata. Mwalimu mkuu aliyasoma masahihisho, akakubali mtoto apimwe upya siku ya kufungua. Ilinichukua asubuhi nzima, na nilipomaliza sikujisikia mtu huru hata kidogo. Ilikuwa bado sijavuka mto.

Kivuko cha miguu kilikuwa kimerudishwa, mbao juu ya vyuma. Nikavuka kwa kushikilia, nikauliza nyumba ya mshonaji, nikaonyeshwa. Alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti chake cha cherehani, yeye akakaa chini. Nikamwambia yote. Nilimwambia niliandika lini, na kwamba nilijua, na kwamba jana nilinyamaza.

Hakulia wala hakupiga kelele. Alichomoa sindano moja kwenye ukosi, akaichomeka tena.

"Kwa hiyo jana nimemchapa bure," alisema.

Nikamwuliza ilikuwaje.

"Nilimwambia, Bibi kasema kawafundisha, wenzio wote wameelewa, we ndo mvivu. Akaniambia, mama sikuwepo. Nikamwongeza kwa kujibu."

Mlangoni mtoto alikuwa amesimama na mdogo wake, ananitazama. Hakuniamkia. Mama yake alipomkumbusha, alisema shikamoo akiangalia miguu yangu.

"Mlete kwangu likizo hii," nilisema. "Kila siku, baada ya alasiri. Mwalimu mkuu amekubali: akisoma silabi zote siku ya kufungua, anabaki darasa lake."

"Nikuletee tena wewe?" Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na Bibi ndani ya sauti yake. "Ili ukaandike ameelewa?"

Neno hilo lilikuwa haki yangu, nikalipokea.

"Usiniamini," nilimwambia. "Njoo ukae. Sikiliza mwenyewe. Wewe ndiye utakayesema avuke au arudie. Mimi sitasema."

Alimtazama mtoto pale mlangoni. Kisha akauliza kama kibarazani kwangu kuna mwanga wa kutosha kushonea.

Wakaja. Mama alikaa kwenye mkeka na nguo za wateja mapajani, mdogo akacheza na vifuniko vya chupa, na binti alikaa mbele yangu na kadi nilizokata kwenye maboksi ya sabuni. Ba be bi bo bu. Siku ya kwanza alijaribu kuangalia mdomo wangu, nikaufunga. Akakasirika. Akaanza hadithi ya sungura.

"Rudia," alisema mama yake bila kuinua macho kwenye pindo.

Siku tatu tulikaa kwenye silabi za ch. Kwa miaka yangu yote ya ualimu ningetafuta njia ya kumsukuma mbele, nusu kwa ajili yake na nusu kwa ajili yangu. Sasa sikuwa na ruhusa. Nilikaa na subira yangu nikagundua kwamba nilikuwa nimezoea kuisifu kuliko kuitumia. Siku ya nne aliisoma chura kwenye kadi, akasimama, akairudia mwenyewe bila kuambiwa. Nikamwangalia mama yake. Alikuwa ameiacha sindano katikati ya nguo.

"Haya," alisema. "Vuka."

Zilibaki siku sita shule kufunguliwa na silabi nyingi mbele yetu, na sijui mpaka sasa kama tungezimaliza kwa mwendo ule endapo mtoto mwenyewe asingeanza kuja asubuhi pia, peke yake, akigonga geti kwa jiwe. Siku ya kufungua alisoma kadi zote mbele ya mwalimu mkuu isipokuwa mbili. Mwalimu mkuu alizitazama zile mbili, akanitazama mimi.

"Niandike amemudu?" aliuliza.

"Andika mbili bado."

Akaandika hivyo, akasema mbili hazimrudishi mtu awali. Mtoto akaenda kukaa chini ya dirisha, penye mwanga ule mwembamba, na hakurudishwa awali.

Mwalimu niliyemshikia nafasi alikuwa amejifungua salama, alhamdulillahi, ila alikuwa na likizo yake ya uzazi, kwa hiyo muhula mmoja ukawa miwili. Sikukataa. Kwenye meza yangu nilikuta azimio jipya, majedwali meupe, na juu yake kibanio cheusi. Nilipanga mada mpaka Desemba. Safu ya mwisho niliiacha tupu, ukurasa baada ya ukurasa, na kibanio nikamrudishia mwalimu wa darasa la pili.

Alikipokea, akakigeuza geuza mkononi. "Na wakija wakakuta tupu, Bibi?"

"Watakuta tupu."

Bado nakaa kwenye chumba kile, na ukuta wa jirani bado upo. Jumatatu zinafika na mada zake, nami nakimbizana nazo kama kila mwalimu. Lakini Ijumaa, watoto wakishatoka, nashika kalamu, nainamia ile safu nyembamba, na kabla sijaandika neno namkumbuka mwanamke aliyekaa kwenye mkeka wangu na sindano kwenye ukosi, anasikiliza.

Mara nyingi naandika: bado.